Njia ya Anza: jinsi ya kutembea na kutazama ndege kando ya mto Santa Cruz, Arizona

Kibao kilichosimama mwanzo wa njia hii, pale Tubac kusini mwa Arizona, kina neno Anza, na kila Mswahili niliyempeleka pale amelisoma kwa lugha yetu kabla ya kuuliza lolote. Ni jina la mtu. Juan Bautista de Anza alikuwa kapteni wa ngome ya Wahispania ya Tubac. Tarehe 23 Oktoba 1775 aliondoka hapo na familia zipatazo 30, askari, wachungaji na mifugo karibu 1,000, wakaelekea California kwenda kuanzisha makazi kwenye ghuba ya San Francisco. Walikuwa zaidi ya watu 240, watoto wengi, na kati yao walikuwemo wenye damu ya Afrika pamoja na ya wenyeji wa Amerika na ya Ulaya. Walifuata mto, maana mwenye mifugo elfu moja jangwani hana pengine pa kupita. Mwaka 1990 njia yao nzima, takriban kilomita 1,900, ilitangazwa kisheria kuwa njia ya kihistoria ya taifa.

Kipande ninachokielekeza hapa ni kifupi sana: kilomita 7 hivi, kutoka Tubac hadi Tumacácori. Ni tambarare, sehemu kubwa ina kivuli, na mto Santa Cruz uko karibu nawe karibu muda wote. Mtu mwenye miguu mizuri hukimaliza kwa saa mbili, lakini kwa mwendo huo ndege wote watakuwa wamekukimbia. Mimi nitakuelekeza jinsi ya kukitembea kwa saa tano au sita. Jangwani ndege huja kwenye maji wenyewe. Kazi yako ni kufika mapema, kukaa kimya na kuwasubiri.

Saa zote humu nimezihesabu kwa Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi ni alfajiri, si mchana.

Kwanza, ujue huo mto

Usiruke sehemu hii, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kwa nini ndege wapo na kwa nini hutakiwi kuyagusa maji.

Santa Cruz huanzia Arizona katika bonde la San Rafael, huteremka kusini na kuingia Mexico, hugeuka huko, kisha hurudi Arizona mashariki ya mji wa Nogales na kuelekea kaskazini hadi mji wa Tucson. Zamani ulikuwa na maji sehemu nyingi. Visima vya mashamba na miji vilinyonya maji ya ardhini mpaka sehemu kubwa ya mto ikabaki mchanga mtupu, kama laga za kaskazini mwa Kenya: pana, jeupe, na kavu mpaka mvua inyeshe.

Kipande chetu kina maji kwa sababu moja. Kule juu, Rio Rico, kuna mtambo unaosafisha majitaka ya miji miwili yenye jina moja, Nogales ya Marekani na Nogales ya Mexico, na maji yaliyosafishwa huachiwa yateremke mtoni. Mtambo huo uliboreshwa mwaka 2009, na tangu hapo maji yamekuwa mazuri zaidi kwa viumbe. Mwaka 2015 alionekana tena samaki mdogo wa asili aitwaye Gila topminnow, asiyefika hata urefu wa kidole, ambaye alikuwa ametoweka sehemu hii ya mto. Mimi husimama kwenye maji yaliyotulia ukingoni nikimtafuta kabla hata ya kuinua darubini. Panapokuwa na samaki wadogo pana wadudu, na panapokuwa na wadudu ndege hawako mbali.

Kwa hiyo: usinywe maji ya mto, usinawe uso, usiwaache watoto waoge. Ukilowa miguu wakati wa kuvuka hakuna neno, ila nawa mikono kwa maji uliyobeba kabla ya kula.

Kingo za mto zina miti ya aina mbili unayopaswa kuifahamu. Ule mkubwa kupita yote, wenye gome lililopasuka na majani yanayotetemeka hata upepo ukiwa mdogo, ni kotonwudi. Mbegu zake hupeperuka masika zikiwa zimefunikwa kitu cheupe laini kama sufi ya mtoni kwetu, na njia nzima hugeuka nyeupe. Humo juu ndimo vipanga hujenga. Mti wa pili ni meskiti, mfupi, wenye miiba na maganda marefu. Aliyetoka Baringo, Kenya, ataujua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa mathenge, ule mti wa kigeni uliovamia mashamba na malisho ya huko. Najua mathenge amewafanyia watu nini kule. Hapa meskiti yuko kwao, hajaletwa na mtu, na ndege wanamtegemea kwa kivuli, maua, wadudu na matundu ya kulala. Mwangalie kwa macho mapya.

Chagua siku

Ukiniomba nikuchagulie, nitakupa wiki ya mwisho ya Aprili. Ndege wahamiaji wanaotoka Mexico wanapita au wanafika, majani ni mapya, na asubuhi bado kuna ubaridi mzuri.

Machi nayo ina jambo lake. Mwezi huo vipanga weusi, wenye mabawa mapana na mkia mfupi uliokatwa na mstari mmoja mweupe, hulala bondeni wakiwa safarini kwenda kaskazini, kisha jua likishapasha ardhi huinuka wakizunguka mpaka wapate urefu wa kuondokea. Watu hukusanyika katika bustani ya Ron Morriss, hapohapo Tubac, kuwahesabu. Nenda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na ukimkuta mzee mwenye kiti cha kukunja na kofia pana, kaa karibu naye na usikilize. Watu hawa hufundisha bila kuombwa.

Juni ni mwezi mgumu. Joto huvuka nyuzi 38 bila taabu. Lakini ndio mwezi ambao kekeo mwenye mdomo wa njano huwa amewasili kutoka Amerika Kusini, na ndege huyu ni wa kuheshimiwa: tangu 2014 wale wa magharibi ya Marekani wanalindwa na sheria kama walio hatarini, kwa sababu misitu ya kando ya mito wanayozaliana imepungua mno. Ukienda Juni, ingia njiani saa kumi na moja na nusu alfajiri na uwe umetoka saa nne.

Julai hadi Septemba ni msimu wa mvua za radi. Nitausema peke yake chini, kwenye kuvuka mto.

Novemba kotonwudi hugeuka rangi ya dhahabu na njia huwa tulivu. Desemba hadi Februari asubuhi huganda barafu nyembamba kwenye nyasi, basi beba glavu. Ndege wa msimu huo wengi ni shomoro wa kahawia wanaofanana, wazuri kwa mtu mwenye subira na daftari.

Vya kubeba

Maji: lita tatu kwa kila mtu siku za joto, mbili siku za baridi. Njiani hakuna bomba wala kibanda. Vyoo viko kwenye ncha mbili tu. Kofia yenye ukingo, shati la mikono mirefu la rangi ya udongo au majani makavu, viatu vilivyofunika vidole, soksi za akiba. Nguo nyeupe iache nyumbani. Ndege huiona kabla yako. Chakula kisichonuka sana na kisicho na mfuko wa kuchakarika.

Darubini ndiyo watu hukosea kununua. Namba mbili zilizoandikwa juu yake, kwa mfano 8x42, maana yake ni kwamba inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Mgeni huvutwa na 12 au 16. Kadiri inavyokuza ndivyo mtetemo wa mkono unavyokuzwa nao, na eneo unaloliona hupungua, kwa hiyo kumpata ndege ndani ya majani kunakuwa kazi. Chukua ya 8.

Kabla ya kuondoka nyumbani fanya zoezi hili. Funga jicho la kulia, tazama kitu cha mbali kwa la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka kiwe wazi. Sasa funga la kushoto, tazama kitu hichohicho kwa la kulia, na zungusha pete iliyo kwenye kioo cha upande huo mpaka kiwe wazi vilevile. Hapo darubini imekuwa yako. Kuanzia sasa utagusa gurudumu la katikati tu. Kisha jifunze kuinua: kaza macho kwenye tawi, usiyaondoe, na ulete darubini machoni. Anayetazama chini kutafuta darubini humpoteza ndege. Nilimfundisha mwanangu kwa kumtuma atafute namba za nyumba za ng'ambo ya barabara, na kwa siku mbili alikuwa hodari kuliko mimi.

Kwenye simu weka programu ya Merlin, ya chuo kikuu cha Cornell. Ni bure. Pakua orodha ya ndege wa Arizona ukiwa na intaneti ya nyumbani, maana chini ya miti mtandao hukatika. Inasikiliza sauti na kukupa jina. Ichukulie kama rafiki anayekunong'oneza, si kama hakimu: ikitaja jina, mtafute ndege kwa macho kabla ya kuliandika.

Barabara na karatasi zako

Kutoka Tucson shika barabara kuu ya I-19 kuelekea kusini, kilomita 70 na ushei. Utashangaa kuona vibao vya umbali vimeandikwa kwa kilomita, jambo ambalo hulioni kwenye barabara kuu nyingine za Marekani; lakini mwendo wa gari bado unaandikwa kwa maili, usichanganye. Toka namba 34 kwa Tubac, namba 29 kwa Tumacácori. Mkiwa na magari mawili, acheni moja Tumacácori kwanza, kisha nyote mrudi Tubac na lile jingine. Mkiwa na moja, ama rudini kwa miguu ama mgeuze njiani. Mimi nimegeuza njiani mara nyingi bila kujutia.

Jambo la karatasi nalisema waziwazi kwa ndugu zetu wakimbizi na wahamiaji walioko Tucson na Phoenix. Mpaka wa Mexico uko karibu, na mnaporudi Tucson mtapita kizuizi cha askari wa mpakani kwenye I-19, kaskazini ya Tubac. Kila gari husimamishwa au kupunguza mwendo. Sheria ya Marekani inamtaka asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi awe na kadi yake ya ukaazi, ile watu wanaiita grini kadi, au hati yake nyingine ya uhamiaji, mwilini mwake muda wote. Iweke mfukoni kabla ya kuweka darubini. Siku moja nimelazimika kurudi nyumbani nusu ya safari kwa sababu mmoja wetu aliiacha mezani, na asubuhi nzuri ikapotea.

Hatua za kwanza, Tubac

Njia huanzia karibu na hifadhi ya kihistoria ya ngome ya Tubac. Ngome ilijengwa mwaka 1752, mwaka mmoja baada ya watu wa O'odham, wenye ardhi hii, kuinuka dhidi ya utawala wa Kihispania. Makumbusho hutoza kiingilio. Njia yenyewe ni bure. Ukifika kabla ya jua, makumbusho yatakuwa yamefungwa, na ni sawa. Utayaona ukirudi.

Usikimbilie mtoni. Simama kwanza kwenye uwazi wenye uzio wa waya. Mbayuwayu watakuwa hewani tayari, wenye mkia uliochanika kama mkasi, koo la rangi ya kutu. Spishi hii hii ndiyo inayoruka juu ya mashamba ya Afrika Mashariki kuanzia Oktoba, ingawa wale wa kwetu hutoka Ulaya na Asia. Mtu aliyezoea kuwatazama Morogoro au Kisumu ana ndege wa kwanza wa orodha yake kabla hajapiga hatua kumi.

Sikiliza kigogota wa Gila. Ni mwenye kelele, mgongo umechorwa mistari myeusi na myeupe, dume ana kofia ndogo nyekundu utosini. Tazama vilele vya meskiti vilivyovamiwa na ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Juu yake mara nyingi hukaa ndege mweusi anayeng'aa, mwembamba, mwenye kishungi na jicho jekundu kama shanga. Jina lake ni phainopepla. Hula tunda za mmea huo na kuzipanda mbegu kwenye tawi jingine kwa choo chake. Akiruka, mabawa huonyesha madoa meupe mawili ambayo hukuyatarajia.

Kaa chini

Hapa ndipo mwongozo wangu ulipo. Ukishaingia chini ya kotonwudi na kusikia maji, tafuta mahali penye mambo matatu: ukingo wa maji unaoonekana, tawi kavu au waya ulio chini, na jua mgongoni mwako. Angalia unapokaa, pasiwe na nyoka wala siafu, kisha keti. Weka simu kimya. Dakika 20, bila kusimama.

Dakika tano za kwanza hakutatokea kitu, na hapo ndipo wengi huondoka. Ndege wamekuona ukija. Wamenyamaza na kujificha. Kisha mmoja ataita, mwingine atajibu, na msitu utafunguka tena kama sokoni asubuhi.

Nakumbuka Aprili moja nikiwa nimeketi hivyo, ndege mvumaji jike alikuja mbele yangu, urefu wa mkono. Ambaye hajawahi kumwona ndege mvumaji afikirie chozi wetu anyonyaye maua, lakini asiyetua anaponyonya: huyu husimama hewani, mabawa hayaonekani, unasikia tu mvumo. Hakuwa anatafuta ua. Kulikuwa na utando wa buibui kati ya vijiti viwili vya meskiti, na yeye aliuchota kwa ncha ya mdomo, akarudi nyuma kidogo hewani, akachota tena, mpaka mdomo ukawa na uzi wa kijivu umening'inia. Ndege hawa hufunga viota vyao kwa nyuzi za buibui, ndiyo maana kiota hutanuka makinda yakikua. Alichota mara nne, akaondoka. Sikuthubutu kupumua. Kama ningekuwa natembea nisingejua hata kwamba ule utando upo.

Kaa hivi mara tatu au nne njia nzima. Katikati tembea polepole, hatua kumi na kusimama.

Wekundu watatu

Kila ninayekwenda naye hunyoosha kidole na kusema, "Yule mwekundu!" Wako watatu, na ukiwatenganisha umeshavuka daraja la wanaoanza.

Wa kwanza hukaa chini, kwenye waya au kijiti kilicho wazi, na ni mdogo, karibu na shomoro. Kifua na utosi ni wekundu wa kaa la moto, mgongo na mabawa ni ya kahawia iliyokolea, na macho yamepitiwa na kitambaa cheusi kama barakoa. Huruka ghafla, unasikia mdomo ukifunga juu ya nyuki au nzi, na hurudi palepale alipotoka. Hesabu: atarudi kwenye kijiti hichohicho mara nyingi kuliko utakavyoamini. Kwa Kiingereza ni vermilion flycatcher.

Wa pili ana kishungi kilichosimama, uso mweusi kuzunguka mdomo, na mdomo mnene wa kuvunjia mbegu. Hukaa vichakani. Huyo ni kardinali. Mwenzake anayefanana naye, wa kijivu mwenye mpako wa rangi nyekundu kifuani na mdomo wa njano uliopinda, ni pyrrhuloxia, ndege wa jangwa hasa. Ukimwona kijivu, usidhani ni jike la kardinali kabla ya kuangalia mdomo.

Wa tatu yuko juu, ndani ya majani ya kotonwudi, kuanzia Aprili hadi Septemba. Ni mwekundu mwili mzima, hana kishungi, hana barakoa, na mdomo wake ni wa rangi iliyofifia. Jike lake ni la njano. Huyu, summer tanager, hukamata nyuki na nyigu na kuwasugua kwenye tawi kuondoa mwiba kabla ya kuwameza. Ukisikia wimbo mtamu juu na huoni kitu, tulia, atasogea.

Kuvuka mto

Njia huvuka maji, na vivuko vya mbao na magogo vinavyowekwa hapo mafuriko huvichukua. Usitegemee kuvikuta. Beba fimbo, pima kina nayo kabla ya kutia mguu. Sheria yangu ni hii: maji yakizidi goti, au yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na kubeba vijiti, ninageuka, hata kama nimetoka mbali.

Msimu wa mvua, Julai hadi Septemba, mafuriko hutokea ghafla na mvua yenyewe huwezi kuiona. Inaweza kunyesha milimani au ng'ambo ya Mexico huku juu yako ni buluu. Wanaojua laga wanaelewa. Ukisikia mngurumo kama lori linakuja mahali pasipo na barabara, panda juu mara moja, usirudie mkoba. Msimu huo nenda asubuhi, toka kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa radi hupenda alasiri. Ukifika ukingoni na maji yameziba njia, hujapoteza safari; upande uliopo una ndege walewale.

Nyoka wa njuga wapo, hasa siku za joto. Mkia wake hulia kama kayamba iliyotikiswa kwa hasira. Simama papo hapo, mtafute kwa macho, rudi nyuma taratibu, mpe hatua kumi. Usitie mkono penye gogo au shimo usiloliona ndani. Akimuuma mtu, usikate wala usifunge kamba. Mtulize, vua pete na saa, piga 911, namba ya dharura.

Kuelekea Tumacácori

Upande wa Tumacácori ndio waangalizi wa ndege kutoka mbali huujia. Mahali panapoitwa Santa Gertrudis Lane, karibu na Tumacácori, hutokea ndege wa Mexico wanaofika Marekani kwa nadra. Mmoja ni yule mwenye koo la waridi, rose-throated becard, ambaye kiota chake ni mpira mkubwa wa majani unaoning'inia kwenye ncha ya tawi refu. Ukikuta watu wanne wamesimama kimya wakitazama juu, simama nao. Uliza kwa sauti ya chini, watakuonyesha.

Hapa nina ombi. Usicheze sauti ya ndege kwenye simu ili kumwita. Dume anayesikia sauti hiyo hudhani mwingine amevamia eneo lake. Huacha kulisha, huacha kiota, huzunguka akitafuta adui asiyekuwepo. Mtu mmoja akifanya ni kidogo, lakini mahali penye wageni kila siku ndege huyo hapumziki. Vivyo hivyo kwa kekeo. Ukikiona kiota, tazama kwa darubini kutoka ulipo, usikisogelee, na usiandike mahali pake hadharani. Sehemu za njia hupita kwenye ardhi ya watu binafsi, kwa hiyo baki njiani na ufunge kila lango ulilolifungua.

Kati ya Machi na Septemba sikiliza filimbi ndefu ya huzuni juu ya kotonwudi. Ni kipanga wa kijivu, kifua chenye mistari myembamba kama kitambaa kilichofumwa, mkia wenye pete nyeusi na nyeupe. Marekani anazaliana kusini kabisa tu, na bonde hili ni mojawapo ya makao yake. Hula mijusi. Mara mbili nimemwona akipita chini ya matawi na mjusi kwenye makucha, mkia wa mjusi ukining'inia.

Kisha miti hufunguka na unaona ukuta wa kanisa. Padri Eusebio Kino alifika kwa O'odham wa Tumacácori Januari 1691. Kanisa kubwa unaloliona lilianza kujengwa karibu mwaka 1800 kwa matofali mabichi ya udongo, na watu wa mwisho walipoondoka 1848 mnara wa kengele ulikuwa bado haujamalizika. Pasogelee ukuta, utaona majani makavu ndani ya tofali, kama nyumba za udongo za kwetu. Limehifadhiwa tangu 1908. Hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa kiingilio, na watoto chini ya miaka 16 hawalipi. Kuna bustani ya matunda iliyopandwa upya kwa mimea ya zamani, yenye komamanga na tini. Kaa pale, kula, jaza chupa, na uandike orodha yako kabla haijakutoka: ndege, idadi, saa. Ukiwa na programu ya eBird iandike humo, ili wanaofuatilia mto huu waone kilichoonekana siku hiyo.

Kama hukuacha gari huku na siku si ya joto, pumzika mpaka saa tisa alasiri ndipo urudi Tubac kwa njia ileile. Jua litakuwa limehamia magharibi, na wale ndege wa ukingo wa mashariki uliowaona asubuhi kama vivuli vyeusi tu, sasa utawakuta na rangi zao.